Kiingilio ni cha Anayefika wa Mwisho

Wanaoleta baiskeli kibandani kwangu Pangani, hapa Kibaha, huuliza kwanza bei ya tyubu, kisha bei ya kunyoosha rimu. Wakishakaa kwenye benchi kusubiri, linakuja swali lenyewe: "Fundi, ile safari ya mwezi ujao kiingilio elfu hamsini. Nilipe?" Anayeuliza ana haki. Barabara ni ya umma, baiskeli ni yake na miguu ni yake, kwa hiyo anataka kujua hiyo hamsini inakwenda wapi.

Nimeendesha masafa marefu kwa miaka mingi, safari nyingine nikiwa nimelipa kama mshiriki, nyingine nikiwa fundi juu ya gari la msaada. Siku hizi jibu langu ni moja. Kamuulize mwandaaji yule wa mwisho atafikaje. Akikueleza kinagaubaga, nani yuko nyuma, ana gari gani, anaondoka barabarani saa ngapi, lipa bila kusita. Akiruka swali na kuanza kukueleza habari za jezi na medali, hiyo hela kanunulie tairi.

Asiyewahi kukaa juu ya gari la msaada hajui msafara wa baiskeli unavyovutika. Mnaondoka Maili Moja saa kumi na mbili asubuhi mmebanana, kila mtu anacheka. Wenye mazoezi wanashika kilomita 30 kwa saa. Mwenye baiskeli nzito, au aliyeanza mazoezi juzi, anakwenda 14. Kutoka hapa hadi Chalinze ni kama kilomita 70. Wa kwanza anapoingia Chalinze, baada ya saa mbili na dakika ishirini, wa mwisho amemaliza kilomita 33 tu na mizani ya Vigwaza bado iko mbele yake. Kati yao kuna kilomita 37 za barabara kuu iendayo Zambia na Congo, na watu wametawanyika humo mmoja mmoja, wawili wawili. Gari moja haliwezi kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nikiona tangazo la safari ya watu mia lenye gari moja la kubebea spika, najua tayari kiingilio kimekwenda kwenye spika.

Maji nayo yana hesabu yake. Kwa jua la kwetu mtu anahitaji nusu lita hadi lita moja kwa saa. Watu mia kwa saa sita ni lita 300 mpaka 600, na lazima ziwe zimeshafika kituoni kabla ya mtu wa kwanza na ziwe zimebaki mtu wa mwisho anapopita. Tena maji matupu hayatoshi. Anayetoka jasho saa nyingi na kunywa maji bila chumvi anaweza kuzidiwa akiwa na chupa mkononi. Ndizi, chungwa, uji wenye chumvi kidogo, vyote hivyo vina gharama, na petroli ina gharama kubwa zaidi kwa gari linalotambaa kwa mwendo wa baiskeli kutwa nzima. Mwandaaji anayefanya kazi yake vizuri habakiwi na faida kubwa. Nimezisoma hesabu za mmoja wao nikaona.

Halafu kuna barabara yenyewe. Imepanuliwa kutoka Kimara mpaka Kibaha, lakini ukishatupita sisi inarudi kuwa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mabasi yanayotoka kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis yanapita kwetu alfajiri yakifuatana, na tangu 2023 yaliporuhusiwa kusafiri usiku, hakuna tena ile saa tuliyozoea kuiita tulivu. Malori mawili yakipishana, mwenye baiskeli anasogea kwenye bega la barabara, na mahali ambapo lami imekatika pembeni, kushuka ni rahisi ila kupanda tena ndiko kunakoangusha watu. Wakati wa kusi kuna mtihani mwingine: asubuhi upepo unakusindikiza kwenda Chalinze, unajiona shujaa, na alasiri unaporudi unakukabili uso kwa uso ukiwa umeshachoka. Peke yangu siku hizi siendeshi kipande cha Mlandizi hadi Chalinze. Nikiwa na gari nyuma lenye taa zinazowakawaka na kijana anayepeperusha kibendera, dereva wa lori ananiona mita mia kadhaa kabla. Hicho nakilipia, na kwangu ndicho chenye thamani kuliko vyote vilivyomo kwenye kiingilio.

Kuna tukio moja, jina lake nalihifadhi, lililonifundisha kupima kwa mtu wa mwisho. Nilikuwa fundi juu ya gari la nyuma. Saa saba mchana washindi walikuwa wamekwisha fika, mgeni rasmi ana haraka, dereva akapigiwa simu arudi jukwaani mara moja. Nyuma yetu, kati ya Ruvu na Mlandizi, walikuwa wamebaki dada mmoja mwalimu na vijana wawili. Baiskeli ya yule dada ilikuwa imekatika spoku tatu upande wa gia. Nilishuka na begi langu la vifaa, gari likaondoka. Tulikaa chini ya mwembe tukafunga spoku, tukalegeza breki rimu ipite, tukaja polepole hadi Kibaha jua likizama. Turubai lilikuwa limeshakunjwa. Dada yule alikuwa amelipa kiasi kilekile alicholipa mshindi.

Jambo hilo bado linaniuma. Mshindi wa safari kama hizi anahitaji msaada kidogo sana. Anamaliza kabla jua halijakaa kichwani, chupa zake mbili zinamtosha, na pancha anaziba mwenyewe kwa dakika tano. Anayetumia maji yote, fundi, huduma ya kwanza na gari ni yule aliye nyuma kabisa. Kwa hiyo huduma inatakiwa ipangwe kuanzia kwake kuja mbele, na waandaaji wengi huipanga kuanzia jukwaani kwenda nyuma, ikiishia njiani.

Wapo walioamua kuuza safari bila huduma, na hao nawaheshimu. Wafaransa wana Paris–Brest–Paris, iliyoanza mwaka 1891, ambayo leo ni kilomita 1,200 ndani ya saa 90, kila baada ya miaka minne. Ili uingie unatakiwa kwanza umalize safari za kilomita 200, 300, 400 na 600. Ile ya 200 unapewa saa 13 na nusu. Hakuna gari linalokufuata. Taa ni zako, tyubu zako, chakula chako, na ushahidi kwamba umepita ni kadi inayogongwa muhuri kwenye vituo. Kwa kuwa mwandaaji hakuahidi mengi, kiingilio cha safari hizo fupi huwa kidogo. Sisi kikundi cha Pangani tumeuchukua mtindo huo. Tuna kadi ya karatasi ngumu, muuza duka wa Mlandizi anasaini, mama ntilie wa njiani anasaini na kuandika saa. Mchango ni elfu mbili, ya karatasi na chai. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hakupata alicholipia.

Kwa upande wa pili ziko safari ambazo fundi wa Pangani anazisikia kwa mbali tu. Tour d'Afrique inatoka Cairo hadi Cape Town tangu 2003, kama miezi minne barabarani, na hapa kwetu imekuwa ikipitia Arusha, Dodoma, Iringa mpaka Mbeya. Malipo yake ni maelfu ya dola. Watu husikia wakashika vichwa. Lakini malori yanabeba mizigo, wapishi wanapika kila jioni, mafundi wapo, na vibali vya nchi moja baada ya nyingine vimeshafuatiliwa. Mtu mwenye likizo ya miezi minne na fedha, anayeogopa kukwama mpakani, sioni kama ameibiwa. Kule Maasai Mara kuna Migration Gravel Race, iliyoanza 2021, siku nne za vumbi na mawe. Marehemu Sule Kangangi wa Kenya, aliyefariki kwenye mashindano huko Vermont, Marekani, Agosti 2022, alikuwa miongoni mwa walioianzisha, na shabaha ilikuwa wazi: waendeshaji wa Afrika Mashariki wakutane na wenye majina nyumbani, bila kukaa wakisubiri viza. Hapo kiingilio cha mgeni kina kazi nzito kuliko kumpa yeye raha.

Ya kwetu inayogusa moyo zaidi ni Twende Butiama. Waendeshaji wanatoka Dar es Salaam kuelekea nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, Mara, kufika kabla ya 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999. Ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, wanapanda miti njiani na kupeleka madawati shuleni. Wakipita Kibaha nafunga kibanda nikasimame barabarani na pampu, na hakuna mwaka niliokosa wa kumzibia pancha. Mtu peke yake angeweza kufika Butiama kwa baiskeli, wapo waliofanya hivyo. Ila kupokewa na kijiji kizima, ukala na watoto wa shule uliowaletea dawati, hilo huwezi kulinunua ukiwa peke yako.

Watu wa kwetu hawana haja ya kulipia kila njia, nami nawaambia. Barabara ya TAMCO kupitia Vikawe hadi Mapinga ni kilomita 24, malori makubwa ni machache, na ukipata pancha hukosi duka wala fundi. Kutoka Kiluvya kwenda Mpuyani hadi Kisarawe kuna vilima vya kukukomesha bila mtu kukudai senti. Mlandizi kwenda Mzenga hadi Maneromango, wakati wa kiangazi, ni mchanga, mikorosho na watoto wanaokukimbilia. Wakati wa masika usijaribu. Akija mtu ananitaka nilipe ada kubwa ili anipitishe njia hizo, kwanza nitamuuliza ameongeza nini. Msitu wa Kazimzumbwi nautoa kwenye hesabu hiyo, kwa sababu ni hifadhi, kuna kibali, na kijana wa kijijini anayejua vijia anastahili kulipwa.

Lipo jambo ambalo mpaka leo sijalimaliza. Hodari kuliko wote barabarani kwetu hawamo kwenye orodha yoyote ya washiriki. Ni wale wanaotoka vijiji vya Kisarawe usiku na magunia ya mkaa, lumbesa mbili, wakati mwingine tatu, juu ya Phoenix isiyo na gia, breki ya mbele imekufa zamani, wakishuka vilima vya Pugu kwa kukanyaga tairi kwa soli ya kandambili. Mmoja wao, mzee wa makamo, huja kwangu nimbadilishie beringi. Aliona tangazo nimelibandika ukutani.

"Fundi, mtu akilipa hiyo hamsini anapata nini?"

"Mzee wangu, anapata maji, chakula kidogo, fundi, na gari la kumfuata nyuma lisije lori likamgonga."

Akatazama tangazo tena. "Hilo gari ndilo ningelilipia mimi. Lakini nalihitaji kila usiku."

Sikuwa na la kumjibu. Nikamfunga kipande cha utepe unaong'aa nyuma ya kiti, bila malipo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilisema mbele ya kila mwandaaji anayenitaka kazi. Safari inayokusanya viingilio vya watu mia, ikitumia polisi wa usalama barabarani na vibali vya TANROADS, haiwezi kupita mbele ya watu hawa kama haiwaoni. Nawaomba watenge sehemu ya kiingilio, hata elfu mbili kwa kila mtu, inunue taa za nyuma na utepe kwa wabeba mizigo wa njia ile ile. Laki mbili kwa watu mia. Gharama ya medali inazidi hapo.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijakubali kuwa fundi wa safari yoyote natoa masharti mawili. Gari la nyuma haliondoki barabarani mpaka mtu wa mwisho afike au apande humo kwa hiari yake. Na wiki moja kabla, meza ya kuandikisha iwekwe hapa Pangani na nyingine Kisarawe, kila mbeba mkaa, mbeba kuni na mbeba madafu anayepita afungiwe taa yake bure, na akitaka kushiriki, aandikwe bila kulipa. Mwandaaji mmoja amekubali yote mawili na ameshaniletea boksi la taa. Mwingine amekubali la kwanza, la pili anasema atalifikiria. Kwake sijapeleka jina langu bado.