Iten: Mji wa mabingwa una funzo kwa mzazi wa mjini

UKITOKA Eldoret na kuandama barabara iendayo kaskazini mashariki, utasafiri kilomita 30 na ushei kabla ya kufika Iten, mji mdogo katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Matatu hupita katikati ya mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe, huku baridi ikizidi kidogo kidogo. Mgeni hulakiwa na lango lenye maandishi ya kumkaribisha nyumbani kwa mabingwa. Vuka mji kidogo tu, na ardhi inakatika ghafla: chini kabisa, Bonde la Kerio limetandazwa kama mkeka.

Iten iko kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mgeni akipanda kilima kidogo tu hutweta kama aliyefukuzwa na mbwa. Wenyeji hawana habari. Alfajiri na mapema barabara za udongo mwekundu hujaa wanariadha, wa hapa nchini na wa ng'ambo. Watoto wenye sare nao hupita kando yao wakienda shuleni, mikoba mgongoni.

Sifa za Iten zilianzia katika uga wa shule. Mnamo 1976, Brother Colm O'Connell aliwasili kutoka Ireland kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St Patrick's. Hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Aliwatazama wavulana wakikimbia, akajifunza kutoka kwao. Mwaka 1988 Peter Rono, aliyesoma shuleni hapo, alinyakua dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki za Seoul. Mwaka 1992 huko Barcelona, Matthew Birir, naye wa shule hiyo hiyo, akashinda mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Uani mwa shule imepandwa miti kwa heshima ya waliovuma.

David Rudisha hakusoma St Patrick's, ila alinolewa na mwalimu huyo huyo tangu akiwa chipukizi. Hakusukumwa kwa pupa. Alikomazwa polepole, hadi 2012 alipotimka mita 800 jijini London kwa dakika 1 na sekunde 40.91 na kuandikisha rekodi ya dunia.

Hata hivyo, msomaji, usidhani kila mtoto wa Iten huwa bingwa. Wengi wanaotimua vumbi kule hawatavaa medali maishani. Watakuwa walimu, wakulima na madereva. Faida yao ni moyo wenye nguvu, mifupa imara na usingizi mwema. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi ya kumfanya ahemwe. Mtoto anayetembea kwenda shule na kurudi, kisha akacheza jioni, huzipata dakika hizo bila hata kuzihesabu.

Sasa mtazame mtoto wa Nairobi. Hupandishwa basi la shule kabla ya jogoo kuwika, akirudi jioni huketi mbele ya runinga au simu. Uga wa mtaa umeota majumba. Kipindi cha michezo nacho, mtihani unapokaribia, hugeuzwa kuwa cha hesabu.

Lakini ufinyu wa mahali hauwezi kuwa kisingizio. Mathare, mtaa uliosongamana mno, ndiko kulikoanzishwa chama cha michezo cha vijana, MYSA, mwaka 1987. Huko timu za watoto hupata alama za ligi si kwa mabao pekee, bali pia kwa kuzoa taka na kusafisha mitaa. Kutoka humo ilichipuka Mathare United, klabu iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Basi mzazi, mkutano wa shule ukiitishwa, usiulize alama za mtihani tu. Uliza pia kama kipindi cha michezo kinafundishwa. Palipobaki uga mtaani, ungana na majirani muulinde kabla haujanyakuliwa. Shule ikiwa karibu na njia ikiwa salama, mwache mtoto atembee. Na msichana asibakizwe jikoni huku kaka zake wakienda kupiga mpira.

Likizo ikifika na nauli ikipatikana, wapeleke watoto Iten. Beba sweta na raba. Waamke asubuhi wawaone wakimbiaji, kisha nao wakimbie kidogo, wacheke, wachoke. Usiwadai medali. Samaki mkunje angali mbichi, lakini usimkunje hadi akavunjika.