Barua kutoka Reading: Mkongwe anakuja, na Tabora je?

Ndugu zangu wa Tabora,

Leo nawaandikia kuhusu kelele zilizozuka kwenye kundi letu la WhatsApp, lile la watu wa Isevya, Cheyo, Ng'ambo na Kiloleni waliotawanyika Uingereza, Oman na Kanada, pamoja na nyinyi mliobaki nyumbani. Kuna mwimbaji mkongwe wa muziki wa dansi anayesemekana kutangaza ziara ya Ulaya. Jina lake silitaji, maana bango lenyewe sijalitia machoni, na ziara za namna hii nimezizoea: hutangazwa mara tatu ndipo zifanyike mara moja.

Ujumbe wa kwanza kuandikwa, kabla hata ya pongezi, ulikuwa swali: "Huyu si alishafariki?"

Msicheke. Swali hilo huulizwa kila mkongwe anapotangazwa, na anayeuliza hana ubaya. Tumezika wengi kwa kipindi kifupi. Muhidin Gurumo alituacha Aprili 2014, Shem Karenga wetu Desemba ya mwaka huohuo, King Kikii Novemba 2024. Mtu aliye mbali hupata misiba kwa vipande, picha bila maelezo au maelezo bila picha, hadi anachanganya waliotangulia na waliostaafu. Kwa hiyo tulianza kwa kuhakikisha kwamba mzee yu hai. Alipothibitika kuwa hai, ndipo shangwe zikaanza. Watu wazima wenye wajukuu wakawa wanatumiana sauti wakiimba vipande vya nyimbo, kila mmoja kwa ufunguo wake, mmoja akiwa ndani ya basi la abiria huko Leicester na Wazungu wakimtazama.

Shangwe zilidumu mpaka jioni. Usiku ukaanza upelelezi.

"Anakuja na bendi au na flashi?" Mnalielewa swali hilo. Siku hizi wako wakongwe wanaoletwa peke yao na begi moja la nguo, muziki ukatoka kwenye kompyuta, wao wakaimba juu yake kama watu walio harusini. Shabiki wa dansi huona hiyo ni dhuluma, na mimi namuunga mkono. Dansi ni magitaa yanayojibizana, besi ikiwaweka pamoja, waimbaji wakisubiri lile la solo liwaite, halafu wimbo unaingia kwenye chemko na hakuna anayebaki kitini. Flashi haichemki. Haimwoni mama aliyeinuka kule nyuma na kitambaa chake, wala haiwezi kumwongezea dakika tano kwa sababu amependeza.

Hapo akaingilia mzee mmoja wa hapa Uingereza, aliyekuja kusoma miaka ya 80 akabaki. Alituma sauti ndefu, ya wale wanaoshusha pumzi kabla ya kuanza, akatukumbusha mwaka 1988, Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila walipoletwa na WOMAD, tamasha lililoanzishwa na Peter Gabriel na wenzake. Mwanzo wa safari ile ulikuwa kaseti tu: rafiki yake Remmy aliyekuwa akirejea Uingereza aliibeba, ikafika kwa watu wa WOMAD, wakaipenda. Habari ya ujio wake ilitembea kwa simu za mezani na kwa barua: nani ana gari, nani ana sebule ya kulaza watu wanne. Mzee anasema wao Watanzania walikuwa wachache, wamezungukwa na Wazungu wanaocheza kwa furaha pasipo kuelewa kwamba jamaa anaimba habari za kifo na ufukara. Wao wachache walicheza vilevile, ila wakifuta machozi.

Mwaka uliofuata, 1989, ikatoka albamu ya Songs for the Poor Man, iliyorekodiwa kwenye studio za Real World katika kijiji cha Box, Wiltshire. Mimi hupita hapo kila nikipanda treni ya kwenda Bristol. Kabla ya kufika Bath, treni huzama kwenye handaki refu, karibu kilomita tatu, kazi ya mhandisi Brunel, lililofunguliwa 1841. Ukitokeza upande wa pili, baada ya muda mfupi unaiona studio chini kando ya reli, jengo la kinu cha zamani lililokaa majini. Ni kitambo kidogo tu, ukipiga chafya umelikosa. Wakati mwingine hutamani kumgusa abiria wa pembeni nimwambie kwamba mtu aliyezaliwa Kindu, akaishi Sinza hadi kituo cha daladala kikaitwa kwa jina lake, aliimba kwa Kiswahili hapo. Sijawahi. Huku watu hawaongei kwenye treni.

Nimetaja Kindu kwa makusudi. Iko Maniema, kwenye mto Lualaba, na nyinyi wa Tabora hamhitaji kuambiwa Wamanyema ni akina nani. Nusu ya ndoa za mjini kwetu zina mguu mmoja huko. Ile njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikaingia Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji, ziwa likavukwa, ndipo Manyema. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora yetu, Novemba 1857, waliukuta mji uliokwisha kuzoea wageni. Msafara kutoka pwani ulichukua miezi mitatu, mara nyingi zaidi. Ukikaribia mji, wapagazi walivaa nguo zao nzuri walizozificha safari nzima, kirangozi akatangulia na bendera, ngoma zikapigwa, bunduki zikalia hewani, na mji mzima ukatoka kutazama nani amekuja. Kwa hiyo kabla ya kuwa na mabango sisi tulikwishajua maana ya kungoja mtu anayetoka mbali na kumpokea kwa vigelegele.

Halafu ikaja reli: Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Bendi ya Dar es Salaam iliyotaka kwenda Ziwa Victoria kwa treni ilipita kwetu. Iliyotaka Ziwa Tanganyika, vivyo hivyo. Na ikishapita, itaachaje kupiga hata usiku mmoja? Mnalikumbuka gari la matangazo lenye vipaza sauti juu ya paa, likizunguka Kanyenye na Gongoni mchana kutwa, watoto nyuma yake na vumbi nyuma ya watoto. Usiku ule ndugu zetu wakubwa walipiga pasi ya mkaa suruali zilizokuwa zimepigwa pasi jana yake.

Wala hatukuwa wasikilizaji tu. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilitoka Tabora na ilivuma tangu enzi za ukoloni. Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, ile iliyotupa Dada Asha ya Shem Karenga, haihitaji utambulisho. Hata Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na akina Iddi Nhende, ilibeba jina la Jimbo la Magharibi ambalo makao yake makuu yalikuwa kwetu, na mtindo wao wa Saboso ukatikisa jiji. Nyingi ya kazi za zama zile zilihifadhiwa kwenye kanda za Radio Tanzania, maana nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri, na bendi iliyotaka sahani ilibidi ipande kwenda Nairobi. Huku ughaibuni kijana asiyejua Tabora iko upande gani wa ramani anaweza kukuimbia Dada Asha mwanzo hadi mwisho kwa sababu baba yake huipiga kila Jumapili akipika.

Turudi kwenye ziara. Mimi si mtu wa kukatisha tamaa, lakini lazima niseme nilivyoona. Mwandaaji mmoja, ambaye hatutamtaja, aliwahi kutuuzia tiketi za mkongwe ambaye viza yake haikuwa hata imeombwa. Pesa zilirudi kwa shida, na si zote. Jirani yangu Mkongo hunicheka: anasema sisi tunasumbuliwa na viza tu, wao walisumbuliwa na wenyewe kwa wenyewe. Kwa takriban miaka kumi wanaharakati wa Kikongo walioko Ulaya walizuia maonyesho ya wanamuziki wakubwa waliowaona kuwa karibu mno na watawala wa Kinshasa. Fally Ipupa alipopiga Paris Februari 2020, moto uliwaka nje, karibu na kituo cha treni cha Gare de Lyon. Novemba 2021 Koffi Olomide akapanda jukwaa la Paris La Défense Arena, na jirani yangu alikuwepo, ingawa kwa miaka mingi alikuwa upande wa waliosema asije. Nilipomuuliza kilichombadilisha alisema mke wake alishakata tiketi.

Maonyesho yetu ni madogo zaidi. Ukumbi wa kukodi pembeni mwa mji, viti vya plastiki, sambusa mlangoni. Tangazo linasema saa mbili usiku. Watu wetu wanaanza kuingia saa nne. Mwenye ukumbi anawasha taa zote saa tano na nusu, kwa sababu ndivyo mkataba unavyosema na huku mkataba hauna undugu. Kwa hiyo mkongwe aliyesafiri usiku kucha hupiga nyimbo sita, na ya saba inakatwa katikati ya chemko.

Onyesho moja kama hilo ndilo lililonifanya niwaandikie. Mapumziko yalipofika nilikuwa chumba cha nyuma, tumebeba maji. Mzee, mwimbaji mwenyewe, alikuwa amekaa juu ya kreti, shati limelowa, koo limemkauka. Mama mmoja wa Sikonge akamletea asali aliyoifungasha kwenye chupa ya maji, imefungwa kwa nailoni mara mbili. Mzee hakuuliza kijiko. Akamimina kiganjani, akalamba, akafumba macho, kisha akauliza asali ya wapi. Tukamjibu kwa pamoja. Akataja majina ya watu wa Tabora, wengi marehemu, akataja stesheni na baridi ya alfajiri treni inapoingia. Halafu akauliza kama siku hizi kuna ukumbi wa dansi Tabora, na lini mara ya mwisho bendi kubwa ilipiga kule. Tulikuwa watu wazima kadhaa mle ndani. Tukatazamana. Mmoja akasema, "Mzee, labda kwenye kampeni."

Usiku wa juzi, katikati ya upelelezi wa kundini, kaka yangu wa Isevya aliandika mstari mmoja: "Nyinyi mnaletewa, sisi tunatumiwa video." Hakuna aliyemjibu. Watu waliweka alama za kucheka, wakaendelea kuuliza kiingilio ni pauni ngapi.

Mimi namjibu hapa. Ana haki. Muziki huu ulipita mlangoni kwetu kwa miguu, ukapita kwa treni, na mwingine ukazaliwa ndani ya nyumba. Leo ziara inaruka kutoka Dar es Salaam hadi London, na anayeona wakongwe kwa macho ni mimi niliyeondoka. Msiniambie Tabora hakuna mahali. Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hupokea Simba na Yanga na hujaa hadi ukutani. Utashindwa magitaa matatu? Msiniambie njia hakuna. Treni ya SGR imefika Dodoma tangu 2024 na kipande cha kuja Tabora kinajengwa, na ile reli ya zamani bado ipo palepale. Kinachokosekana ni mtu wa kupiga hesabu na kuamua.

Basi naomba mambo mawili. Waandaaji wa ziara za wakongwe, usiku wa kwanza uwe Tabora, kabla ya Ulaya, sauti ya mzee ikiwa mbichi na mpiga solo wake akiwa hajakwama kwenye foleni ya viza. Sisi wa huku tutachangia gharama. Kundini wameshakubali, nitawashika kwa maneno yao. Na nyinyi mlioko nyumbani, jambo hili msituachie sisi. Nendeni kwenye redio zenu za hapo mjini, mwendeeni ofisa utamaduni wa mkoa, mpigieni simu kila mwenye bendi mnayemfahamu. Na bango likitoka bila jina la Tabora, msilisambaze.