Risasi ya Mpanda

Kaliua ndipo treni ya Mpanda inapoachana na reli ya Kigoma na kukata kusini, miombo huku na huku. Tawi hili la kilomita 210 hivi halikujengwa kwa ajili ya abiria. Lilifika Mpanda mwaka 1950 kufuata madini ya risasi ya mgodi wa Mukwamba, uliokuwa wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulidumu kama muongo mmoja. Leo ukiulizia madini mjini, watu wanakueleza habari za dhahabu.

Warumi waliiita risasi plumbum, na hapo ndipo mwanafunzi wa sekondari anapopata zile herufi Pb za somo la kemia. Waliifanya mabomba ya maji, na fundi wake akaitwa plumbarius. Wafaransa wakamwita plombier, Waingereza wakamwita plumber, ile b wakaiandika bila kuitamka (tabia yao hiyo). Mwashi wa Mpanda akishusha timazi kupima ukuta, mwenzake wa London anashusha plumb line. Chubwi ya mvuvi wa Unguja kwao ni plummet. Yote yametoka kwenye plumbum, kwa sababu ya uzito wake.

Sisi jina tulilichukua kwa Waarabu, nalo likahamia kwenye bunduki. Ndiyo maana mgeni akisikia Mpanda palikuwa na mgodi wa risasi, anaweza kudhani palikuwa na kiwanda cha silaha. Fundi wetu wa maji hana undugu na risasi hata kidogo: ni fundi bomba, na bomba ni la Wareno.

Vitruvius, msanifu wa Kirumi, aliwaonya wenzake kwamba maji ya mabomba ya udongo ni salama kuliko ya risasi. Ushahidi wake ulikuwa nyuso za mafundi wenyewe, zilizopauka. Onyo hilo nililikumbuka nilipopita Kabwe, Zambia. Huko nako reli ilifuata risasi, mwaka 1906, lakini mgodi haukufungwa hadi 1994, na sumu iliyobaki kwenye udongo bado inaingia kwenye damu ya watoto.

Wapo wanaosikitika kwamba mgodi wa Mpanda ulikufa mapema. Kwa niliyoyaona Kabwe, mimi simo.