Mkorosho wa Mtandao

Mkorosho wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumba ya walimu, pale ardhi inapoinuka kidogo kabla ya kuteremka mtoni. Shina lake liliinama kama mtu anayeokota kitu. Kwenye tawi moja, usawa wa macho yangu, palipigiliwa msumari, na hapo ndipo tulipotundika simu. Unaitia kwenye mfuko wa rambo isipate umande, unafunga fundo moja, unatundika, unasogea kando na kungoja. Ukiishika mkononi mtandao unakimbia. Ukiiacha imetulia, baada ya muda inatokea herufi E kwenye kona ya juu ya kioo, kisha rambo linaanza kutikisika, ujumbe juu ya ujumbe, na wewe unasimama pale chini ukihesabu mitetemo kabla hujaigusa.

Nilifika kijiji hicho, wilaya ya Liwale, mkoa wa Lindi, mwaka 2014. Ilikuwa ajira yangu ya kwanza. Nilikuwa na cheti cha ualimu, godoro na ndoo mbili. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, nimekulia penye adhana za misikiti mitatu kwa wakati mmoja na muuza kahawa anayegonganisha vikombe hadi usiku. Tulivuka Daraja la Mkapa, tukalala Nachingwea, na kesho yake nikapanda juu ya gari la mizigo, barabara ya vumbi mpaka mwisho. Wanakijiji walinipokea vizuri mno. Waliniletea mbaazi, mihogo, na msimu ulipofika wakaniletea mabibo, ambayo harufu yake mpaka leo ikinipita popote nageuka. Lakini kwao nilikuwa Mwalimu, na Mwalimu haulizwi kama jana usiku alilia.

Nyumbani nilipiga simu kila Jumapili. Simu ya nyumbani ni ya habari kubwa: mshahara umetoka, umepata mchumba, lini utakuja. Mama alikuwa na presha. Singeweza kumwambia kwamba nimekuta nyoka chooni, au kwamba darasa la nne wana vitabu vitano kwa watoto sabini, au kwamba nimekula ugali na chumvi kwa sababu nilichoka kuwasha moto. Nilimwambia salama, naye akaniambia salama, tukaagana.

Hayo mengine yote niliyapeleka Kibarazani.

Kibarazani tulikuwa wanawake tisa tuliokutana Facebook chini ya picha ya vitumbua. Mtu mmoja aliuliza kwa nini vitumbua vyake vinaganda kwenye chuma, tukajaa kumjibu, na sisi tuliobaki tukibishana mpaka baada ya saa sita usiku tukahamia WhatsApp. Nilikuwa bado Tanga wakati huo. Sura zao sikuzijua, na tuliitana kwa mahali tulipo au kazi tunayofanya. Dada Likoni alikuwa fundi cherehani, ng'ambo ya kivuko kule Mombasa. Shoga wa Maskati alifanya kazi za ndani kwenye nyumba ya familia ambayo bibi yao alizaliwa Unguja, na kila alasiri bibi huyo alimtaka aketi karibu yake wazungumze Kiswahili, hata kama sufuria zinamngoja. Nesi alikuwa Bukoba. Mkubwa wetu kwa umri alikuwa Mama Wete, mwenye mikarafuu michache huko Pemba na sauti nzito, ambaye hakupenda kuandika. Yeye alituma sauti tu, na nyuma ya sauti yake ulisikia majogoo, ufagio, mtoto akiitwa aje kuoga.

Hatukuwa na sheria. Palikuwa na desturi moja tu, nayo ilianzishwa na Mama Wete: kila jioni aliuliza, "Leo mumepika nini?" Mtu asiyejua angedhani ni mazungumzo ya mapishi. Ukijibu "wali mkavu, mchuzi sina," dada zako wameshajua kwamba mwenye nyumba hakuacha pesa asubuhi. Ukijibu "sijapika," kuna mtu atatoka Kibarazani akufuate pembeni. Siku Dada Likoni alipoandika kwamba ameshona mabuibui matatu na mwenyewe hajaja kuyachukua, hakuna aliyemwambia pole. Mama Wete alimuuliza watoto wamekula nini, na alipojibu chai, tukakaa naye hadi mwenye mabuibui alipotokea usiku na hela mkononi. Tulifurahi kama tumelipwa sisi.

Mimi majibu yangu niliyaandika nyumbani kwa mwanga wa kibatari, nikayaacha na ile alama ya saa pembeni, saa ndogo inayokuambia kwamba maneno yako bado hayajaondoka. Asubuhi kabla ya kengele nilipita mkoroshoni. Saa inageuka tiki moja, tiki mbili. Nilikwenda darasani nikiwa mwepesi.

Novemba 2014 zikaja tiki za bluu, za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Sisi tuliokuwa tukisoma kwa kusubiri mti tulisoma na kuondoka, kujibu ni kesho. Dada mmoja wa Morogoro alikuwa kwenye msiba, akaandika mambo mazito, akaona majina yetu yamesoma na kimya kimetanda. Aliandika, "Kumbe mnaniona," akatoka. Nilimwandikia pembeni mara mbili. Sikupata jibu. Katika miaka yote ile hilo ndilo ninalotamani ningelifanya tofauti: ningebaki chini ya ule mti nimjibu, kengele ilie bila mimi.

Masika ya 2015 niliugua. Ilianza kwa baridi ya ghafla darasani, na kufika jioni sikuweza kuinua ndoo. Mtoto wa jirani, wa darasa la sita, mwembamba, mwenye mbio sana, alikuja kuniletea kuni akanikuta nimejikunja sakafuni. Niliandika maneno mawili, "Homa kali," nikampa simu na rambo. Alikimbia nayo mkoroshoni, akakaa, akarudi nayo gizani ikiwa na sauti tano za Nesi.

Nesi hakupoteza neno. Unatapika? Shingo inakaza? Mkojo una rangi gani? Alfajiri tafuta baiskeli ikupeleke zahanati wakupime, usinunue dawa dukani kwa kukisia. Asubuhi baba yake yule mtoto alinipakia, kipimo kikaonyesha malaria, nikapewa dawa mseto. Kwenye sauti iliyofuata Nesi alinipangia: vidonge vinne sasa, vinne vingine baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni mpaka siku ya tatu, na usimeze na tumbo tupu, dawa hii inataka chakula chenye mafuta ndipo ifanye kazi vizuri mwilini. Njugu zipo? Korosho zipo? Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu juzi. Liwale, niulizwe kama korosho zipo.

Siku tatu zile yule mtoto aliibeba simu yangu kama posta. Asubuhi, mchana, jioni. Dada Likoni alitaka kujua nani ananichotea maji. Shoga wa Maskati, ambaye saa yake inatangulia yetu kwa saa moja, alituma ujumbe wa kunikumbusha dawa ya alfajiri, ingawa alijua utanifikia jua limeshachomoza. Na siku ya pili jioni ikatokea sauti Kibarazani ambayo haikuwa ya mmoja wetu. Yule mtoto, akingoja pale chini ya mti, alikuwa amebonyeza alama ya maikrofoni kama alivyoniona nikifanya. Ninayo mpaka sasa, nimeihamisha kutoka simu hadi simu. Upepo unavuma kwenye majani, kisha anakohoa kidogo, anasema: "Shikamooni. Mwalimu amekunywa uji. Amemaliza nusu."

Mama Wete alijibu, "Marahaba, mwanangu. Kamwambie amalizie na hiyo nusu ilobaki."

Akaja kuniambia. Nikamalizia.

Tangu hapo kila jioni walimuulizia. Amekula? Daftari analo? Hesabu za sehemu ameshazielewa? Naye, kila alipotumwa mkoroshoni, alisalimia kwanza.

Kisha ikaja Juni 2016. Kwa miezi kadhaa redio zilitangaza kwamba simu feki zitazimwa nchi nzima: bonyeza *#06#, upate namba tambulishi, uitume kwenda 15090. Yangu ilikuwa ya kupangusa, niliyoinunua Kariakoo kwa muuzaji aliyeniapia kwa jina la mama yake. Nilituma namba nikiwa chini ya mti na majibu yakanivunja moyo. Mwezi ule nilikuwa nimepeleka nyumbani pesa za matibabu ya mama, sikubakiwa na akiba yoyote. Nilisema Kibarazani kwamba nikijaliwa nitarudi Agosti. Usiku wa tarehe 16 zikazimwa. Asubuhi yake nilitundika simu kwa mazoea tu, na yule mtoto, aliyekuwa sasa darasa la saba, akaja kusimama kando yangu.

"Mwalimu, leo haitetemeki."

Sikujua jinsi nilivyokuwa nimejengwa na zile jioni mpaka zilipokosekana. Nilipika, nikakaa mlangoni na sahani, na hapakuwa na wa kumwambia kwamba mboga ni majani ya kunde. Siku ya tisa aliniita mwenye duka la sola, yule tuliyekuwa tukimpelekea simu kuchaji kwa shilingi mia tatu na aliyekuwa akibandika plasta yenye namba mgongoni mwa kila simu zisichanganyike. Namba yake nilikuwa nimewapa kipindi kile nilipougua. Alinionyesha meseji: shilingi elfu tisini kutoka Pemba. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba za Likoni zilivuka mpaka kwa M-Pesa, za Maskati zilikabidhiwa kwa mkono na mtu aliyekuwa akirudi Unguja, za Bukoba zilikuwa elfu ishirini. Mama Wete alikuwa amempigia yule mwenye duka kwa sauti, kwa kuwa hapendi kuandika, na kumwachia maagizo aliyonifikishia neno kwa neno: "Mwambie mwanangu asinunue tena ya rahisi."

Septemba ya mwaka uleule, wiki ya mtihani wa darasa la saba, Kibarazani hapakulalika. Wanawake wanane walimwombea dua mtoto ambaye hawajamwona. Alhamisi Nesi aliuliza hesabu zilikuwaje. Jumamosi, tarehe 10, tetemeko la ardhi likapiga Kagera mchana, na jioni redio ya mwenye duka ikataja Bukoba, nyumba zilizoanguka na watu waliokufa. Nilikwenda mkoroshoni na tochi. Ujumbe wangu kwa Nesi ulibaki na tiki moja. Wa kila mmoja wetu ulibaki na tiki moja, Jumamosi usiku, Jumapili kutwa. Mama Wete alikuwa na maandalizi ya Idd, na nyuma ya sauti yake safari hii hapakusikika kitu, kana kwamba alijifungia chumbani ili kuzungumza nasi. Jumatatu ya Idd rambo likatikisika. "Mimi mzima. Nyumba imepasuka ukuta wa nyuma. Niko wodini tangu Jumamosi, sijavua viatu." Nilitaka kumwandikia maneno mengi. Kabla sijamaliza, Dada Likoni alikuwa ameshauliza, "Umekula?" Akajibu: ndizi mbili, na chai ya mgonjwa mmoja aliyekataa kunywa peke yake.

Mnara ulijengwa kijijini kabla sijaondoka. Mkorosho ukarudi kuwa mkorosho, msumari umo bado ndani ya gamba. Nilihamia Tanga 2019, na mwaka huohuo nikavuka bahari kwenda Pemba. Mama Wete alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Tulikaa kwenye jamvi, karafuu zimeanikwa mbele yetu, na kila wingu lilipopita alinyanyua uso kulitazama. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Yule mwanangu wa shikamooni yuko wapi?" Nikamwambia yuko kidato cha tatu, Nachingwea. Akafunga macho kidogo, akaendelea kuchambua vikonyo.

Alifariki 2022, msimu wa karafuu. Habari ilitufikia kwa namba yake mwenyewe, kwa maandishi, na kwa kuona maandishi tu tulijua kabla hatujasoma. Aliyeandika ni binti yake. Tulimpa pole, tulisoma dua, Shoga wa Maskati alilia kwenye sauti ya dakika nne, akatuma nyingine kuomba radhi kwa kulia. Siku tano zikapita bila mtu kuuliza lile swali. Lilikuwa lake, na hakuna aliyethubutu.

Siku ya sita, baada ya Magharibi, Dada Likoni alimwandikia yule binti: "Mwanangu, leo mumepika nini?"

Tuliona "anaandika" ikitokea, ikipotea, ikitokea tena. Kisha: "Sijapika. Jirani kaleta muhogo wa nazi. Nimekula kidogo."

Nesi akauliza, "Kidogo kiasi gani?"