Tumwondoe Mtoto Kituoni, au Tumwache?

Mtoto mchanga hana ulimi wa kushtaki. Akiona njaa hulia, akiachwa na unyevu hulia, akichezeshwa hutabasamu. Zaidi ya hayo hana neno la kumwambia mzazi wake arudipo jioni. Kwa hiyo kumweka mtoto wa miezi mitano mikononi mwa watu baki ni amana nzito kuliko kuweka mali. Mali yaweza kuhesabiwa inapotolewa na inaporudishwa, bali saa za mtoto hazihesabiki kwa asiyekuwapo.

Sisi ni mume na mke, wote wawili wafanyakazi wa kuajiriwa mjini Dar es Salaam. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Siku hizo huisha upesi. Zilipokwisha, bibi yake mtoto alikuja kukaa nasi, kisha ikambidi arudi shambani kwake. Mshahara wa mama ndio ulipao kodi ya nyumba yetu. Basi tukamwandikisha mtoto katika kituo cha kulelea watoto kilicho njiani kwendea kazini.

Wiki ya tatu tulianza kuona mambo. Nepi tano tulizopeleka asubuhi zilirudi nne jioni, na ngozi ya mtoto ilikuwa nyekundu. Chupa ya pili ya maziwa aliyokamua mama ilirudi imejaa. Siku moja mmoja wetu alipita saa saba mchana bila ya kutoa habari, akamkuta mtoto amelazwa kifudifudi juu ya mto laini, na mtoto wa pembeni yake ananyonya chupa iliyoegemezwa juu ya nguo iliyokunjwa, wala hapana mkono ulioishika.

Binti aliyekuwa akiwalea alituambia kwa upole, “Watoto ni tisa, mama, na mwenzangu yuko jikoni. Nimbebe yupi, nimwache yupi?” Hatukupata la kumlaumu. Huko England sheria hutaka mlezi mmoja kwa kila watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Binti huyu alikuwa na tisa.

Usiku ule tulikaa kupima. Yako makosa ya kuvumiliwa: kofia kupotea, nguo kubadilishana, mtoto kucheleweshwa kidogo kuogeshwa. Lakini yako yasiyovumilika. Chupa iliyoegemezwa yaweza kumpalia mtoto asiyeweza kugeuza kichwa wala kuisukuma. Kulala kifudifudi nako kuna hatari iliyo wazi: Marekani ilipoanza mwaka 1994 kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Na mtoto wa umri huu, ambaye Shirika la Afya Duniani hushauri anyonye maziwa ya mama peke yake hata atimize miezi sita, akikosa chupa moja hana chakula kingine cha kuziba pengo.

Katika Sura ya Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili, akawataka baba na mama waamue mambo ya mtoto kwa kuridhiana na kushauriana. Tena akaruhusu mtoto kupewa mnyonyeshaji mwingine, maadamu anapewa haki yake kwa wema. Tuliona mambo mawili humo. La kwanza, uamuzi huu si wa mama peke yake, wala si wa baba kutoa amri. La pili, anayelea mtoto wa mwenziwe ana haki ya ujira. Kwa hiyo kabla ya kuondoka tulimwendea bibi msimamizi, tukamweleza tuliyoyaona, tukasema tu tayari kuongeza ada ili apatikane mlezi wa tatu. Tulingoja wiki mbili. Nepi zikaanza kubadilishwa, lakini mikono ikabaki ile ile.

Tukamwondoa. Sheria ile ile ya kazi humruhusu mama anyonyeshaye kupata hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Mama akaziomba, akapewa. Mtoto sasa yuko kwa mama mmoja wa mtaani karibu na kazi, aleaye watoto wawili tu. Gharama imezidi, nasi tumehamia nyumba ndogo zaidi.

Likabaki swali la wale wanane. Je, kuwaambia wazazi wao si kusengenya? Imamu Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, amehesabu mambo sita yanayohalalisha kutaja aibu ya mtu, na kuwaonya watu na shari ni mojawapo. Basi tulimwambia kwanza bibi msimamizi kwamba tutasema. Kisha tukawaeleza wazazi yale tu tuliyoyaona kwa macho, na afisa wa ustawi wa jamii pia, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huvitaka vituo hivi viandikishwe.

Nanyi wazazi wenzetu, mnapochagua kituo, msitazame rangi ya ukuta wala wingi wa vichezeo. Hesabuni watoto, kisha hesabuni mikono. Ulizeni cheti cha kituo. Piteni saa msiyotazamiwa. Tena mwulizeni mlezi analipwa nini, kwani mlezi aliyedhulumiwa hana nguvu za kumbeba mtoto wa mtu.