Takwa: Safari ya Kuijua Huzuni Yetu

Atakaye kwenda Takwa huipanga safari yake kwa maji, si kwa saa. Magofu ya mji huo yamo katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu na Shela, na njia yake ni mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko. Maji yakijaa, mashua huingia hadi karibu na magofu. Yakitoka, hubaki tope na mizizi. Nahodha alituonya mapema: "Mama zangu, tukikawia tutalala huko na mbu."

Tulikuwa ndugu watatu wa kike pamoja na kaka yetu. Mama yetu alikuwa ametangulia mbele ya haki miezi mitano kabla, nasi tulitoka Mombasa kuja kumzuru mama mdogo, aliyebaki peke yake katika tumbo lao. Kulikuwa na jambo ambalo hatukumweleza. Tangu siku ya khitma, mkubwa wetu na mdogo wetu hawakusemezana ila kwa salamu. Chanzo chake, twakisema kwa haya, kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu. Mmoja aliichukua bila kuuliza; mwenziwe akamtolea maneno makali mbele ya wageni.

Takwa ilisitawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha wenyewe wakauhama. Wako wasemao kuwa maji ya visima yaliingia chumvi, na wako wasemao kuwa ni uhasama na majirani wa Pate. Wazee wa Shela husimulia kwamba wahenga wao walivuka kutoka huko. Nyumba zimebaki kuta za matumbawe, na mibuyu imeota palipokuwa na watu. Msikiti wa Ijumaa ndio uliosimama vyema zaidi, na juu ya ukuta wake wa kibla imeinuka nguzo. Liko pia kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1683, ambapo watu wa Shela wana desturi ya kuja kumwomba Mola mvua.

Hapo kaka yetu alisoma Fatiha, akawarehemu waliolala pale, kisha akamtaja mama. Tulinyamaza. Mdogo wetu ndiye aliyesema kwanza, macho yake yakitazama chini: "Dada, sikuichukua kwa tamaa. Nikikuna nazi kwa mbuzi ile, namsikia mama jikoni."

Mkubwa wetu alikaa kitambo. "Nami nilikasirika," akajibu, "kwa kuwa sikubaki na kitu cha kushika."

Hapo tulilia sote, kilio ambacho hatukukilia siku ya mazishi, tulipokuwa tukihangaika na wageni, sufuria na mikeka.

Miezi mitano tulikuwa tumeipa huzuni yetu majina yasiyo yake. Mmoja aliiita haki, mwingine aliiita heshima ya mkubwa. Tulidhani subira ni kuufunga mdomo. Kumbe Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe, naye ni katika wenye subira. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kinachokatazwa ni kuikataa hukumu ya Mola, si machozi. Mwenye kuificha huzuni yake hata nafsi yake isiijue, humwangukia ndugu yake kwa sura ya hasira.

Nahodha akatuita, maji yalikuwa yameanza kutoka. Njiani, mkubwa wetu alimfunika mdogo wake kwa leso aliyokuwa nayo, kwani upepo wa kusi ulikuwa mkali.

Hatusemi kuwa msiba umekwisha. Mbuzi imebaki kwa mdogo wetu, na Ijumaa mkubwa wetu huenda kwake kukuna nazi ya wali. Siku nyingine huzungumza, siku nyingine hunyamaza. Lakini mmoja wetu akipandwa na ghadhabu, sasa humwuliza kwanza kinachomuuma.

Allah amrehemu mama yetu na wazazi wenu waliotangulia, na azilainishe nyoyo za ndugu waliohasimiana. Amin.