Kipimo cha bure hakina namba

Haya wadau, leo siasa pembeni kidogo, tuongee namba.

Marekani vipimo vya maabara vina namba za kudai malipo. Watu wa bima wanaziita kodi (siyo ya TRA wala ya mwenye nyumba!). Vipimo vya mwanzo vya mjamzito wamevifunga furushi moja: 80055. Humo mna kundi la damu, wingi wa damu, kaswende, homa ya ini B, rubela na vingine. Mwaka 2016 ikaongezwa 80081, furushi lilelile pamoja na VVU. Bima ikigoma kulipa, hospitali inakuja juu, maana ni hela yake.

Hata hapa kwetu, mwanachama wa NHIF, mfuko ulioanza 2001, anajaziwa fomu ya madai, kipimo kwa kipimo.

Sasa njooni Kanyenye, hapa Tabora. Dada yangu ana mimba ya miezi mitano na hana bima. Sera ya Afya ya 2007 ilisema mjamzito asitozwe kwenye vituo vya umma, na kituoni kwake tangazo liko ukutani. Kadi yake ya kliniki nimeisoma mwenyewe: kaswende amepimwa, VVU amepimwa, malaria amepimwa. Wingi wa damu na mkojo, pako wazi. Aliambiwa vitendanishi vimekwisha, aende maabara ya nje akalipe. Hakwenda. Hela aliyokuwa nayo ilikuwa ya unga.

Enzi za misafara ya Ujiji, watemi wa njiani walidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Ukilipa, unapita. Dada kaambiwa ni bure, na hajapita.

Na hili si suala la karatasi. Mama mwenye upungufu wa damu akitokwa damu nyingi akijifungua, anaweza kufa. Protini kwenye mkojo inaweza kuwa dalili ya hatari inayoelekea kifafa cha mimba.

Kinachoniuma ni ukimya. Kipimo cha bure kisipofanyika, hakuna deni, hakuna fomu iliyokataliwa, hakuna mhasibu anayekosa usingizi.

Pendekezo langu: kipimo kilichokosekana nacho kipewe namba na bei, kisha kihesabiwe kama deni kwa yule mwenye fungu la vitendanishi. Mdaiwa huwa anajulikana kwa jina.

Mnasemaje wadau?